Waridi la Damu ya Mzee

Kazi yangu ni kupiga picha za maua. Wenye mashamba hunipigia simu wanapotaka kuwaonyesha wanunuzi wa ng'ambo aina mpya ya waridi, nami huenda na kamera yangu na shuka jeupe la kupunguza makali ya jua, nikalipiga ua likatoka kwenye picha jinsi lilivyo kwenye shina. Wanasema Wairimu haongezi wala hapunguzi. Sifa hiyo huwa naipokea nikitazama chini, na watu hudhani ni unyenyekevu. Mwezi uliopita nilikuwa Majengo, Pumwani, kwenye arobaini ya Bi Rukia. Nilikuwa nimeketi mkekani kati ya wanawake, sahani ya pilau mbele yetu, nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake: "Marehemu alikuwa na miche, weh! Ila macho yakamharibia biashara. Akawa anachanganya rangi." Mwenzake akaitikia, "Mtoto wa jicho ni kitu mbaya sana." Tonge nililokuwa nalo mkononi nikalirudisha sahanini. Macho ya Bi Rukia hayakuharibu biashara yoyote. Niliiharibu mimi, nikiwa na miaka ishirini, na tangu siku hiyo nimewaacha watu wayasingizie macho yake.

Habari za ukoo wangu niziache, maana ukoo wangu hauna kosa katika jambo hili. Mwaka huo nilikuwa nalala Huruma, ghorofa ya nne, chumba kimoja na msichana mshonaji, na kila asubuhi nilitembea hadi Pumwani kwenye studio ya Fundi Ouma. Studio yenyewe ilikuwa chumba kirefu chembamba. Mbele palikuwa na kaunta ya kioo yenye fremu, nyuma pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambalo kila bwana harusi alitaka kusimama mbele yake, na kwenye kona kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa kwa mkono. Fundi Ouma alikuwa mtu wa filamu. Kamera ya dijitali aliinunua mwaka huo shingo upande, kwa sababu wateja walitaka kujiona hapo hapo, akanikabidhi mimi akisema vidole vyake vimezeeka. Nilijiona nimefika. Nilizunguka Majengo nzima nimeivaa shingoni hata siku ambazo sikuwa na mtu wa kumpiga picha.

Kabla hajaniachia, alinifundisha jambo moja ambalo linanilisha hadi leo. Alitoa bahasha ya kaki kwenye droo, akaipunga mbele yangu. "Kamera haina akili," alisema. "Inadhani kila kitu duniani kimekolea kama bahasha hii, si cheusi, si cheupe, katikati tu. Ukiielekeza kwa ua jeupe, inaona mwanga umezidi, inalitia giza. Ukiielekeza kwa ua lililoiva sana, inaona giza limezidi, inaling'arisha. Kwa hivyo usiulize ua, uliza bahasha." Namna yenyewe ni hii: unashika bahasha pale pale ua lilipo, katika mwanga ule ule, unapima mwanga juu ya bahasha na kufunga vipimo visicheze, kisha unaiondoa na kupiga ua. Nyekundu, alisema, ndiyo yenye jeuri kuliko zote. Ikizidi mwanga kidogo tu, petali zote hushikana zikawa doa moja, usione mkunjo wala mshipa. Na nisivae leso nyekundu ninapopiga ua jeupe, kwa sababu ua litaona haya. Fundi Ouma alikuwa na mizaha yake.

Bi Rukia alikuwa jirani yetu, mama mtu mzima aliyeuza miche ya maua kando ya barabara. Nyumba yake ilikuwa zile za zamani za Majengo, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani jiko na bomba la maji. Uani kwake hapakupitika. Miche ilijaa kwenye mifuko myeusi ya plastiki, kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, hata kwenye beseni lililotoboka ambalo binti yake Mwanaidi alikuwa bado analidai. Sasa, asiyeijua biashara ya miche na ajue jambo hili: mche wa waridi huuzwa kabla haujatoa ua. Unanunua kijiti chenye miiba na majani matatu, na rangi utaiona baada ya miezi. Unachonunua hasa ni mdomo wa muuzaji. Wauzaji wengi pale barabarani, ukiuliza mche huu utatoa rangi gani, walikuuliza kwanza wewe wapenda rangi gani. Bi Rukia hakuwa hivyo. Akisema manjano, miezi minne baadaye ni manjano. Watu walitoka Buruburu na Umoja wakavipita vibanda vyote hadi kwake, na wakiulizwa ua la nyumbani kwao wamelitoa wapi, walijibu kwamba wamenunua kwa mdomo wa Bi Rukia. Hakuwa na mtaji mwingine.

Ila macho yake yalikuwa yameingia ukungu, yote mawili. Miche aliijua kwa vidole, kwa urefu wa mwiba na ukali wa jani, na kila aina aliifunga uzi wake. Kilichomshinda ni wateja wapya. Yeye alisema rangi kwa Kiswahili cha kwao: hili ni urujuani, hili ni rangi ya samli, na lile alilojivunia kuliko yote, waridi lililoiva hadi likakaribia weusi, aliliita damu ya mzee. Sisi tuliokulia jirani na Waswahili tuliijua rangi hiyo. Wengine walishtuka. Nilikuwepo siku Mama Njeri, katibu wa akina mama wa kanisa fulani huko Buruburu, alipoambiwa mche aliokuwa ameushika ni damu ya mzee. Aliuweka chini haraka. "Mzee gani tena, Bi Rukia? Sisi ni watu wa kanisa." Bi Rukia alicheka hadi akakaa kwenye ndoo. Lakini Mama Njeri alipoondoka bila kununua, aligeuka akaniambia, "Wairimu, siku hizi nikisema hawanielewi. Nipigie maua yangu, niweke albamu, mtu ajionee mwenyewe." Malipo yangu yatakuwa mahamri na mbaazi kila asubuhi, na chai ya tangawizi kadiri tumbo litakavyobeba. Nikakubali kabla hajamaliza.

Albamu ya kwanza niliipiga vizuri. Nasema hivyo ili nijinyime kisingizio, kwa sababu nilijua namna. Wiki mbili nzima niliamka mapema kuwahi mwanga wa uani kabla jua halijapanda juu ya mabati, bahasha ya kaki mkononi, Mwanaidi akinishikia shuka. Lile la damu ya mzee lilinipa taabu, nikalipiga mara tisa, na mara ya tisa likatoka lilivyo: zito, lenye kina, na ukilitazama kwa utulivu unaona wekundu unapumua chini ya weusi. Fundi Ouma alilitazama akanipiga bega. Nikazibandika picha, Bi Rukia akaiweka albamu juu ya stuli barabarani. Siku ya tatu wakapita vijana wawili wa rika langu, mmoja wao kijana ambaye, niseme ukweli, nilikuwa napenda anitazame. Akafungua kurasa. "Niaje, msanii. Ni wewe umepiga hizi? Mbona maua zako zimechapa hivi?" Mwenzake akasema, "Ongeza moto, manze. Hii ni kama picha ya kipande." Walimaanisha maua yamefifia kama picha ya kitambulisho. Wakacheka, wakaenda zao. Hawakununua, wala hawakuwa watu wa kununua maua. Lakini kicheko chao kilinikaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Juma lile Fundi Ouma alikuwa amekwenda kwao. Nikarudi uani kwa Bi Rukia jua likiwa la saa sita, bila bahasha, nikaiachia kamera iamue yenyewe, na nikaiwekea ule mpangilio wa rangi kali. Ikafanya kile Fundi alichosema itafanya. Ua lililoiva ililing'arisha. Kisha nikakaa kwenye kompyuta nikaongeza nyekundu, nikaongeza tena, mpaka lile la damu ya mzee likawa jekundu kama pilipili iliyotoka sokoni, linawaka, huoni petali wala mkunjo. Nikaona ni zuri ajabu. Nikatoa picha mpya, nikabandua zile za kwanza na kuzitia kwenye bahasha, nikaifungia ndani ya droo ya studio. Albamu mpya nikampelekea Bi Rukia akiwa jikoni anakoroga mbaazi. Alifuta mikono kwenye kanga, akauleta ukurasa karibu na pua yake, akauacha hapo muda mrefu.

"Hili ndilo damu ya mzee langu?" akauliza. "Naliona kama limechangamka."

"Ndilo lenyewe, Bibi," nikasema. "Ni mwanga tu."

"Basi. Mimi siku hizi macho yangu ni yako." Akanipakulia mbaazi, akanizidishia.

Nilikula. Hilo nalo nalikumbuka, kwamba nilikula na nikashiba. Fundi Ouma aliporudi aliifungua albamu pale barabarani, akafunua kurasa tatu na kuifunga. "Umeyapaka wanja," aliniambia tulipofika studio. "Mwenyewe ameyaona?" Nikamwambia ameyaona na ameyapenda. Alinitazama kidogo, kisha mteja wa pasipoti akaingia, na mazungumzo yakaishia hapo. Nami nilikuwa na jibu lingine ambalo sikulitoa: kwamba miche ilikuwa inatoka kuliko zamani. Watu walisimama, wakaonyesha kidole, wakabeba. Hata yule kijana alipita tena akasema, "Sasa hii imeweza." Na Mama Njeri alirudi. Kanisa lao lilikuwa linamaliza jengo jipya, na akina mama walitaka ua jekundu kama moto kuzunguka uwanja wote, liwe limechanua siku ya kufungua jengo. Alipofika ukurasa ule akapiga makofi. Bi Rukia akamwambia, kwa haki kabisa, "Hili ndilo lile la damu ya mzee." Mama Njeri akacheka, "Liite utakavyo, mimi nimeliona." Akabeba miche thelathini. Mimi ndiye niliyemsaidia kuipakia kwenye mkokoteni.

Nilikuwa na miezi minne ya kusema. Nilifikiria kusema, hasa asubuhi, nikiwa natafuna mahamri yake. Nilijiambia labda miche itakufa. Mtu anayeombea miche ya mwenzake ife amekwisha kupotea, ila wakati ule sikujitazama hivyo. Mvua ilinyesha vizuri mwaka huo, na miche haikufa hata mmoja.

Mama Njeri alikuja saa nne ya asubuhi, peke yake, na waridi moja limefungwa kwenye gazeti. Mimi nilikuwa nimetoka uani na chupa ya chai. Hakusalimu. Aliufungua ukurasa kwenye stuli, akaliweka ua juu ya picha.

"Bi Rukia, mimi nilikuja hapa kwa sababu ni wewe," alisema. "Wengine wote nawajua ni waongo. Hebu angalia hii, halafu angalia hii. Kamati yote imenicheka. Wananiambia nimeleta maua ya matanga."

Bi Rukia alilichukua ua. Alilinusa, akapitisha kidole gumba kwenye mwiba. "Hili ni langu," alisema. "Damu ya mzee. Nilikwambia."

"Na hii kwenye picha ni gani? Hii ni nyekundu ya pilipili. Hata mtoto anaona."

Wauzaji wa vibanda vya pili na vya tatu walikuwa wameshaacha kazi zao. Bi Rukia aliinama hadi pua ikagusa picha, akainuka, akainama tena. Kisha akageuza uso upande niliokuwa nimesimama. Hakuwa na shaka nami hata kidogo. Aliuliza kama mtu anayeomba apewe fimbo yake.

"Wairimu, hapa mwenye macho ni wewe. Ua nililokupa ulipige, lilikuwa na rangi gani?"

Zile picha za kwanza zilikuwa kwenye droo, mwendo wa dakika tano. Ningekwenda na kurudi chai ikiwa bado moto. Nikawaona wauzaji wamenikodolea, nikamwona Mama Njeri amenisubiri, nikafikiria studio, na kamera kutolewa shingoni mwangu mbele ya mtaa mzima. "Labda ulinipa lingine, Bibi," nikasema. "Labda miche ilichanganyika."

Mkono wa Bi Rukia ukaenda kwenye mfuko wa mche uliokuwa karibu, akaupapasa uzi aliofunga, akaupapasa tena kana kwamba uzi nao umemgeuka. "Huenda," alisema. "Siku hizi sioni. Huenda nimechanganya." Na Mama Njeri, aliyekuja amejaa hasira, sauti ikamshuka. "Pole, shosho," alisema. "Uzee huja kwa kila mtu." Ningemshukuru kama angeendelea kugomba. Huruma ile ilimvunja Bi Rukia pale pale. Niliyaona mabega yakishuka. Akamwomba radhi, akamwomba mara mbili, na mimi nikammiminia chai kwa sababu sikujua mikono yangu niitie wapi.

Mwezi ule wakaja wengine wawili, na mmoja hakuwa na huruma ya Mama Njeri. Wauzaji wa jirani wakaanza kuwaambia wapita njia kwamba kwa yule mama siku hizi ni bahati nasibu. Lakini hawakumwondoa wao. Alijiondoa mwenyewe. Mteja akimuuliza mche huu utatoa rangi gani, anajibu, "Sijui, mwanangu, kaulize wenzangu," mtu aliyekuwa akijibu kabla swali halijaisha. Siku moja nilimkuta ameketi uani, anafungua nyuzi kwenye miche, mmoja mmoja, anazirundika mapajani. Nikamuuliza anafanya nini. "Uzi wa uongo wa nini?" akasema. Kabla ya Disemba ile sehemu yake barabarani ilikuwa ya muuza viatu vya mitumba. Fundi Ouma aliniuliza siku moja, bila kuinua kichwa, kama nimemwambia mama wa watu ukweli. Nikamjibu nimemwambia. Alifurahi, akasema nina moyo, akaanza kunipa kazi za harusi niende peke yangu.

Mwaka uliofuata walikuja madaktari wa macho, wakafungua kambi ya bure, na Bi Rukia akapasuliwa jicho moja, kisha la pili. Nilimpelekea machungwa. Alikuwa amekaa ukumbini, mlango wazi, ananitazama toka nilipopinda kona. "Kumbe wewe ni mweusi hivi!" akasema. "Nilikuwa nakuona kama chai ya maziwa." Tukacheka sote, Mwanaidi naye. Kisha akaniketisha karibu yake, akanishika kiganja. "Una neno, mwanangu?" Nikasema sina, nimekuja kumjulia hali. "Haya," akasema, "kula." Tangu hapo nilikwenda kila Idi, na katikati ya Idi na Idi. Nilimpelekea sukari, kanga, dawa za miguu, na siku nilipoanza kupata kazi za mashamba makubwa nikamlipia kubadilisha mabati. Alipokea vyote akaniombea dua. Kila mara, tukishamaliza kusalimiana, aliniuliza, "Una neno?" Nikawa nadhani ndiyo desturi yake ya kuuliza habari. Miche hakuuza tena, ila alibakiza mmoja uani, wa kwake.

Siku ya arobaini, wageni walipoanza kupungua, Mwanaidi aliniita chumbani. Tukaketi juu ya kitanda cha mama yake, kilichotandikwa shuka jipya. Hakuwa na ukali. Alikuwa amechoka tu, na kanga yake ilinuka moshi wa kuni.

"Dada Wairimu, nikuulize. Mama ulikuwa unamwogopa?"

"Kwa nini nimwogope?"

"Kwa sababu alikuwa anajua. Bandeji zilipotoka tu, alichukua albamu akaitoa juani na ua mkononi. Akatazama hili, akatazama lile. Akaniambia, Mwanaidi, shina na majani ni yale yale, rangi tu ndiyo imeongezwa, sikuchanganya. Wallahi alilia kwa furaha. Mimi sikuwahi kuvilinganisha, niliamini uliyosema, na siku hiyo nikataka nije studio nikutoe nje kwa nywele. Akanikataza. Akasema muache, ni mtoto, atakuja kusema mwenyewe, na akisema sitamwacha amalize."

Nilimuuliza alingoja mpaka lini.

"Kila ulipokuja," Mwanaidi alisema. "Si alikuuliza? Ukishatoka mlangoni, mimi namuuliza, leo amesema? Ananijibu, bado. Wiki aliyokufa ulipiga simu, nikamwekea sikioni. Akakuuliza tena."

Nilikumbuka simu hiyo. Nilikuwa nimesimama kati ya mistari ya mawaridi, mwanga ulikuwa unaharibika, nikamwambia sina neno, Bibi, nitakuja wiki ijayo. Nikaanza kusema pale kitandani. Nilisema yote: vijana wawili na kicheko chao, jua la saa sita, nyekundu niliyoiongeza, droo, na lile jibu nililotoa mbele ya watu. Nilisema bila kupumzika, kama mtu anayekimbizwa, na Mwanaidi hakunikatiza hata mara moja, akanisikiliza hadi neno la mwisho. Nikamwomba anisamehe. Alininyooshea upande mkavu wa kanga yake nijifute.

"Radhi hiyo siwezi kuipokea, dada," alisema. "Haikuwa yangu." Akainuka, akatoka kwenda kuwaongezea wageni kahawa.